Bibi Salme na Mfupa wa Ngamia

Likizo iliyopita nilikwenda Mtoni pamoja na babu yangu kutazama magofu ya jumba la Sayyid Said. Humo ndimo alimozaliwa Bibi Salme tarehe 30 Agosti 1844, na tangu siku ile, wasomaji wenzangu, humkumbuka kila nishikapo kalamu.

Baba yake alikuwa Sultani wa Oman na Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyetoka nchi ya Wacherkesi. Watoto wa jumba lile walisomeshwa Kurani, wa kike na wa kiume. Lakini kuandika kulikuwa kwa wavulana tu. Msichana kujua kuandika ilikuwa aibu. Salme hakukubali. Alitwaa msahafu, akawa ananakili herufi kwa siri juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao siku zile ulitumika badala ya ubao. Kisha akamtaka mtumwa mmoja msomi amfundishe hati nzuri. Siri ilipofichuka alilaumiwa sana, naye hakujali. Mimi nina madaftari sita, na mengine bado ni meupe!

Ujuzi huo ulimtia katika makubwa. Sayyid Said alikufa mwaka 1856. Mwaka 1859 Barghash alipotaka kumpindua nduguye Majid, mwandishi wa barua zao za siri alikuwa Salme, binti wa miaka 15. Njama ilishindwa. Barghash akapelekwa Bombay, Salme akasamehewa.

Baadaye, akikaa mjini, alipendana na jirani yake Mjerumani, mfanyabiashara Heinrich Ruete. Mwaka 1866, naye ana mimba, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Huko mwaka 1867 akabatizwa, akaitwa Emily, akaolewa. Babu haipendi sehemu hii, nami sikubishana naye.

Mumewe alikufa Hamburg mwaka 1870, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Hapo kalamu ilimfaa tena: alifundisha Kiarabu, na mwaka 1886 akatoa kitabu cha maisha yake. Humo ameutetea utumwa, jambo ambalo mimi silikubali hata kidogo, hasa nikimkumbuka yule aliyemfundisha hati.

Alirudi Unguja mwaka 1885 na 1888 kudai urithi wake, asipewe. Alikufa Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg. Katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja.