Rudolf Diesel na Mashine Yake

Dizeli inayotiwa katika vyombo bandarini Malindi na katika magari yanayopita hapa Kidichi ilipewa jina la mtu. Mtu huyo ni Rudolf Diesel.

Alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani. Baba yake alikuwa akijalidi vitabu. Mwaka 1870 vita viliwafukuza, wakahamia London. Rudolf akapelekwa Ujerumani, mji wa Augsburg, kwa jamaa zake, asome skuli.

Alipokuwa mtu mzima, mashine za mvuke zilikula makaa mengi zikafanya kazi kidogo. Yeye alibana hewa mpaka ikawa moto mkali. Mafuta yakiingia humo huwaka yenyewe, bila cheche. Mwaka 1893 kipimo cha mashine yake ya majaribio kilipasuka. Hakuacha. Mwaka 1897 ilifanya kazi vizuri. Mwaka 1900, huko Paris, mashine ya namna hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Naam, karanga hizi hizi! Mwaka 1912 meli ya Denmark, Selandia, ilisafiri mbali kwa injini za dizeli.

Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 Diesel alikuwa melini akienda Uingereza. Asubuhi hakuonekana. Kitanda chake hakikulaliwa. Baadaye maiti yake ilionekana baharini.

Mashine yake ilipuliza mafuta kwa hewa. Pampu ya kusukuma mafuta, ambayo Bosch walianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1927, yeye hakuiona. Ndani yake kijiti cha chuma hupanda na kushuka katika tundu. Nafasi iliyopo hapo ni nyembamba kuliko unywele, zaidi ya mara kumi. Hapo hapatiwi oili. Dizeli yenyewe ndiyo inayolainisha.

Basi ukichanganya na mafuta ya taa, injini itawaka, nawe utadhani umepata faida. Lakini mafuta ya taa hayana utelezi wa kutosha. Vyuma husagana na kulika. Mafuta huvuja pembeni badala ya kufika kwenye nozeli kwa nguvu. Tanzania Bara, mwaka 2011, serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili watu waache kuyachanganya. Hata dizeli iliyopunguzwa salfa, ili moshi wake usidhuru, hupoteza utelezi, na viwandani hutiwa dawa ya kuurudisha.

Pampu iliyolika haikatiki siku moja. Kwanza injini huwa nzito kuwaka asubuhi. Kisha nguvu hupungua, na siku nyingine huzimika, nanyi mko katikati ya mkondo wa Pemba, pwani haionekani.