Marehemu Edward Tingatinga

Huku kwetu Matai neno tingatinga humkumbusha mtu trekta lilimalo shamba, au mtambo uchongao barabara. Lakini ni jina la mtu pia, na twaona yafaa maisha yake yajulikane katika kila nyumba iliyo na kijana anayengoja apate vifaa vyote ndipo aanze kazi.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa nchi yetu, kwa wazazi wakulima. Kama vijana wengi wa siku zile, wa kwao hata wa Ufipa, aliiacha nyumba yao akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Kisha akahamia Dar es Salaam, akawa mtumishi katika nyumba ya Mzungu, na baadaye akaishi kwa vibarua vya kila namna.

Mwaka 1968 alianza kuchora. Turubai la wachoraji hakuwa nalo, wala hakupata kufundishwa. Basi alitwaa hadibodi, vile vibao vya kupigilia darini, akavikata mraba. Akanunua rangi ya kung'aa ipakwayo baiskeli. Nyuma ya picha aliweka rangi moja tu, na juu yake chui, tembo au ndege, kwa mistari ambayo hata mtoto huielewa. Picha hizo ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, na wageni wakazipenda. Hata alipopata kazi ya uhudumu katika hospitali ya Muhimbili, hakuacha kuchora baada ya saa za kazi.

Wateja walipozidi, hakuuficha ufundi wake kama wafanyavyo mafundi wengi wanaoogopa kunyang'anywa riziki. Aliwaita jamaa zake vijana, miongoni mwao Simon Mpata na Ajaba Abdallah, akawafundisha.

Mwaka 1972 polisi walilidhania gari alimokuwamo kuwa la wezi, wakapiga risasi, naye akafa. Alikuwa na umri wa miaka 40 hivi, na ameacha mjane na watoto wadogo. Alikuwa amechora kwa muda wa miaka minne tu.

Laiti angaliuficha ufundi ule, ungalizikwa pamoja naye. Wanafunzi wake waliendelea kuchora, wakawafundisha wengine, na mwaka 1990 ukaundwa ushirika wenye jina lake. Leo picha za namna ile zauzwa Ulaya, Marekani na Japani, nazo huitwa tingatinga.

Enyi wazazi, mtoto achoraye ukutani kwa kipande cha mkaa msiharakishe kumwita mtundu. Na enyi mafundi, seremala na washonaji wa vijiji vyetu, mtazameni mtu huyu: alilowapa wengine ndilo lililobaki.