Marcus Aurelius: Utulivu na Gharama Yake

Wahenga walinena kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama. Methali hii huwasifu watu watulivu, wasiohamaki wala kupapatika, ambao mambo yanapochacha hukaa kando na kuyapima. Je, upole huo hauna upande wa pili? Makala haya yanalichunguza swali hilo kupitia maisha ya Marcus Aurelius, kaisari aliyetawala Himaya ya Kirumi tangu mwaka 161 hadi 180.

Marcus alizaliwa jijini Roma mwaka 121. Babake aliaga dunia mapema, naye akalelewa na babu yake. Tangu ujanani alivutiwa na falsafa ya Wastoa, waliofunza kwamba mtu hana mamlaka juu ya yanayomfika, ila ana mamlaka juu ya namna anavyoyapokea. Mwaka 138, Antoninus Pius alimfanya mwanawe wa kupanga. Marcus akakisubiri kiti cha enzi kwa miaka 23 bila kuonyesha pupa yoyote.

Utawala wake ulikuwa mtihani juu ya mtihani. Askari waliorejea kutoka vita vya mashariki walileta tauni iliyowaangamiza watu wengi. Makabila ya kaskazini nayo yakavuka mto Danube na kuishambulia himaya. Hazina ilipokauka, kaisari aliamua kuvipiga mnada vyombo vya thamani vya kasri lake badala ya kuwaongezea raia kodi. Nyumbani, mkewe Faustina alimzalia watoto wasiopungua 13, na wengi wao wakafa wangali wadogo. Katikati ya majonzi hayo, akiwa katika kambi za vita, aliandika kwa Kigiriki tafakuri za kujiasa mwenyewe, ambazo zinasomwa hadi leo.

Nguvu ya utulivu wake ilidhihirika zaidi mwaka 175. Avidius Cassius, jemadari aliyesimamia majimbo ya mashariki, alijitangaza kaisari aliposikia uvumi wa uongo kwamba Marcus amefariki. Muda si muda, mwasi huyo aliuawa na askari wake mwenyewe. Kichwa chake kilipopelekwa kwa Marcus, alikataa kukitazama, akaamuru kizikwe. Inasimuliwa pia kwamba barua za mwasi zilichomwa bila kusomwa, ili washirika wake wasisakwe. Mtawala mwenye hamaki angalimwaga damu nyingi.

Hata hivyo, kilicho ngao dhidi ya maumivu yako chaweza kuwa ukuta dhidi ya maumivu ya wengine. Katika michezo ya uwanjani, Marcus alikuwa akisoma na kutia sahihi nyaraka, hata watu wakamkejeli. Hilo lilikuwa dogo. Mwaka 177, Wakristo wa mji wa Lyon waliteswa na kuuawa hadharani chini ya utawala wake, na falsafa yake haikuwaokoa.

Udhaifu mkubwa zaidi ulihusu mwanawe, Commodus. Watawala wanne waliomtangulia Marcus walikuwa wamerithiwa na wana wa kupanga, kwa kuwa hawakuwa na wana wa kuwazaa waliokuwa hai. Marcus alikuwa naye mmoja. Alimtafutia walimu bora, na mwaka 177 akamfanya kaisari mwenza akiwa na umri wa miaka 15 tu. Wahenga hutuasa tumkunje samaki angali mbichi. Kwa maoni yetu, Marcus alitegemea mno mafunzo ya walimu na mfano wake mwenyewe, akasahau kwamba kuna nyakati ambapo mzazi sharti akemee, akatae na hata akasirike.

Marcus alifariki tarehe 17 Machi 180, vita vya kaskazini vingali vinaendelea. Commodus aligeuka dhalimu aliyependa kupigana uwanjani kuliko kutawala, hadi aliponyongwa mwishoni mwa mwaka 192. Baada ya hapo, himaya ikatumbukia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Funzo kwetu ni kwamba utulivu hufaa sana pale tunaposhindana na nafsi zetu, na pale tunapowashinda maadui. Lakini yule tuliyepewa jukumu la kumwelekeza huhitaji zaidi ya uso usiobadilika. Kumstahimili si sawa na kumlea.