Boulenger, mtu aliyeandikisha lumbu na mukeke

Mama anayeuza mukeke pale Kalundu hana haja ya kujua Boulenger ni nani. Lakini kwenye vitabu vya wanasayansi samaki wake anaitwa Lates stappersii, na jina hilo la stappersii lilitolewa na Boulenger mwaka 1914, kwa heshima ya Louis Stappers, daktari Mbelgiji aliyekusanya samaki wa ziwa letu.

George Albert Boulenger alizaliwa Bruxelles mwaka 1858. Tangu miaka ya 1880 mpaka 1920 alifanya kazi kwenye makumbusho ya London. Samaki wa Tanganyika walimfikia huko wakiwa ndani ya chupa za alkoholi, wameletwa na wasafiri kama Moore na Cunnington. Yeye alihesabu magamba, akapima mapezi, akalinganisha, akaandika. Lumbu alimwandikisha mwaka 1906. Kwa jumla alitoa majina kwa aina 1096 za samaki, na kati ya 1909 na 1916 akatoa vitabu 4 vya samaki wa maji baridi wa Afrika. Mbele ya hapo habari zao zilikuwa zimetawanyika huku na kule.

Sasa faida yake leo ni nini? Mukeke wa Uvira, kule Kigoma ni mgebuka. Mtafiti mmoja anaandika jeni za samaki, mwingine mafuta yake, mwingine kilo zinazovuliwa, kila mtu na rejista yake ya kompyuta. Wakitaka kufuata hatua kwa hatua namna mwili wa samaki unavyogeuza chakula kuwa nguvu na mafuta, lazima rejista hizo ziunganishwe, na kinachoziunganisha ni jina. Likiandikwa tofauti, mashini inafikiri ni samaki wawili. Shida si ya kubuni: Boulenger mwenyewe alimwita mukeke Luciolates, wengine wakamhamisha Lates, lumbu alimwita Pellonula, leo ni Limnothrissa. Ndiyo maana rejista nzuri inatunza jina la zamani pamoja na jipya.

Jambo moja linauma kidogo. Daktari Stappers alipata samaki wa jina lake, lakini wavuvi waliokuwa wanamjua mukeke tangu zamani, jina lao la samaki halikuingia.

Mwaka 1920 Boulenger alistaafu, akarudi Ubelgiji, akaacha samaki na kuanza kuchunguza maua ya waridi. Alifariki Saint-Malo, Ufaransa, mwezi wa 11 mwaka 1937.