Charles Cagniard de la Tour

Charles Cagniard de la Tour (Paris, 31 Machi 1777 – Paris, 5 Julai 1859) alikuwa mhandisi na mwanafizikia kutoka nchini Ufaransa. Anajulikana hasa kwa kutengeneza king'ora mwaka 1819. Jina la Kifaransa alilokipa, sirène, ndilo asili ya neno linalotumika kwa king'ora katika lugha nyingi za Ulaya hadi leo.

Anayesikia king'ora leo hufikiria moto, gari la wagonjwa, vita au dhoruba. Cagniard de la Tour hakuwa na nia hiyo. King'ora chake kilikuwa chombo kidogo cha maabara, kilichoweza kukaa juu ya meza, na kazi yake ilikuwa kuhesabu mitetemo ya sauti. Matumizi ya kutoa tahadhari yalikuja baadaye, na mengi zaidi baada ya kifo chake.

Maisha

Alisoma katika École polytechnique mjini Paris, shule iliyoanzishwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa ili kufundisha wahandisi. Baadaye aliingia katika kundi la wahandisi wa jiografia, waliofanya kazi ya kupima ardhi na kuchora ramani. Mwaka 1818 alipewa cheo cha ubaroni.

Alikuwa mtu wa kubuni vitu vingi visivyohusiana. Mojawapo ni mashine ya kupuliza hewa iliyopewa jina lake, cagniardelle. Ndani yake kuna skrubu kubwa ya Archimedes iliyolazwa kwa mshazari katika tangi la maji, ncha ya chini ikiwa imezama yote na ya juu nusu tu. Kwa kawaida skrubu ya namna hiyo hupandisha maji. Yeye aliizungusha kinyume, nayo ikasukuma hewa kwenda chini.

King'ora cha 1819

Wakati huo wanafizikia walikwishajua kwamba sauti ni mitetemo ya hewa, na kwamba sauti nyembamba ina mitetemo mingi kwa sekunde kuliko sauti nene. Ugumu ulikuwa kuihesabu. Uzi wa gitaa ukipigwa hutetema mara mamia kwa sekunde moja, na hakuna jicho linaloweza kufuata.

Si yeye wa kwanza kufikiria njia. Mskoti John Robison (1739–1805) alikuwa ametengeneza kifaa kilichofungua na kufunga njia ya hewa haraka haraka hadi kikatoa sauti ya muziki. Cagniard de la Tour aliongeza jambo lililokosekana, yaani hesabu.

Chombo chake kilikuwa na kisanduku kinachojazwa hewa kwa mivukuto. Kifuniko cha kisanduku kilitobolewa matundu yaliyopangwa kwa duara. Juu ya kifuniko kulikuwa na kisahani kinachozunguka, chenye matundu idadi ileile. Matundu ya kifuniko yalitobolewa kwa mshazari upande mmoja, na yale ya kisahani kwa mshazari upande mwingine, hivyo hewa iliyopita ilikisukuma kisahani kizunguke chenyewe. Matundu yalipokutana hewa ilitoka kwa kishindo kidogo; yalipopishana ilizuiwa. Vishindo vikifuatana kwa kasi, sikio haliwezi tena kuvitenganisha, bali husikia sauti moja mfululizo.

Kanuni hiyo inaweza kujaribiwa bila maabara. Watoto wanaobana kipande cha plastiki kwenye spoki za baiskeli, iwe katika vichochoro vya Ipagala mjini Dodoma au kwingineko, wanafanya jambo linalofanana. Baiskeli ikienda polepole husikika migongo mmojammoja, ikienda kasi migongo huungana kuwa mlio, na kasi ikizidi mlio huwa mwembamba zaidi. Mfaransa mwenzake, Félix Savart, alitumia gurudumu lenye meno lililogonga kadi kwa namna hiyohiyo.

Kwenye mhimili wa kisahani kulikuwa na meno yaliyoendesha mishale miwili midogo, kama ya saa, iliyoonyesha kisahani kimezunguka mara ngapi. Aliyetaka kupima sauti fulani aliongeza hewa hadi mlio wa king'ora ulingane nayo, akaruhusu mishale ihesabu kwa muda uliopimwa kwa saa, kisha akapiga hesabu. Kisahani chenye matundu 10 kikizunguka mara 44 kwa sekunde hutoa mitetemo 440 kwa sekunde. Kwa njia hiyo hata mlio wa mbawa za mbu unaweza kupewa namba. Udhaifu wa chombo ulikuwa kwamba si rahisi kushikilia kasi ileile kwa muda mrefu, na sikio la mpimaji lilipaswa kuwa zuri.

Jina lilitokana na maji. Cagniard de la Tour aliona kwamba chombo kinalia hata kikizamishwa na kusukumwa kwa maji badala ya hewa. Kwa sababu hiyo alikiita kwa jina la ving'ora wa hadithi za Wagiriki wa kale, yaani wale viumbe wa baharini waliowavuta mabaharia kwa nyimbo hadi wakaangamia. Jina hilo liligeuka maana baadaye, kwa kuwa chombo kilichoitwa kwa viumbe wanaowaita watu kwenye hatari kimekuwa cha kuwaondoa hatarini.

Baada ya miaka michache king'ora kilikuwa katika maabara nyingi za Ulaya. Mwaka 1841 Mjerumani August Seebeck alikitumia katika majaribio yaliyozaa mabishano kati yake na Georg Ohm kuhusu jinsi sikio linavyotambua sauti. Hermann von Helmholtz naye alitengeneza king'ora pacha, chenye visahani viwili, kwa ajili ya utafiti wake juu ya muziki na usikivu.

Kutoka maabara hadi juu ya nguzo

Karibu na mwisho wa miaka ya 1860 Wamarekani walianza kutumia ving'ora vikubwa vinavyoendeshwa kwa mvuke ili kuonya meli wakati wa ukungu. Nchini Uingereza John Tyndall alivijaribu katika pwani ya South Foreland, karibu na Dover, mwaka 1873 na 1874. Mota za umeme zilipopatikana, king'ora hakikuhitaji tena mvuke wala mivukuto: rota inayozunguka hujivutia hewa yenyewe na kuikatakata kupitia matundu ya ganda lililosimama.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia ving'ora vilionya miji juu ya ndege za adui. Nchini Uingereza sauti ya kupanda na kushuka ilimaanisha hatari, na sauti moja isiyobadilika ilimaanisha hatari imepita. Wakati wa Vita Baridi Marekani ilisimika ving'ora vingi kwa hofu ya mabomu ya nyuklia. Kimojawapo, kilichotengenezwa na kampuni ya Chrysler katika miaka ya 1950, kiliendeshwa kwa injini ya petroli ya silinda 8 yenye nguvu ya farasi 180, na umbali wa futi 100 sauti yake ilifikia desibeli 138. Mabomu hayakuja, lakini katika majimbo ya kati ya nchi hiyo tornado huja kila mwaka, na ving'ora vilevile vikawa vya kuwaambia watu walio nje waingie ndani.

Tornado ni nguzo ya upepo unaozunguka kwa nguvu, inayoning'inia kutoka wingu la dhoruba hadi ardhini. Isichanganywe na kisulisuli, au chamchela, kinachoonekana mara nyingi wakati wa kiangazi katika uwanda wa kati wa Tanzania. Kisulisuli huanzia chini, kwenye ardhi iliyochomwa na jua, mbingu zikiwa safi. Huinua vumbi, huweza kung'oa bati lililolegea, kisha hutoweka. Tanzania haina mtandao wa ving'ora vya tornado. Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa huwafikia wananchi kwa redio, televisheni na simu, na mkazi wa Dodoma hukutana na king'ora zaidi kwenye magari ya wagonjwa, ya zimamoto na ya misafara ya viongozi.

Wanaotambua ving'ora kwa sauti

Huko Marekani wapo watu ambao si wataalamu wa hali ya hewa wala watumishi wa serikali, lakini hufuatilia ving'ora vya tornado kwa kujifurahisha. Husubiri siku ya majaribio ya kila mwezi, hupiga picha, hurekodi sauti, huweka alama kwenye ramani na kubishana juu ya aina ya kila kimoja. Watu wa nje huona ni burudani ya ajabu. Hata hivyo ving'ora vingi vimekaa miongo mingi juu ya nguzo, na mara nyingine rekodi za wapenzi hawa ndizo zinazoonyesha kimoja kimeondolewa au hakilii tena.

Njia yao ni ileile ya 1819, ila inasomwa kinyume. Cagniard de la Tour alijua idadi ya matundu, akatafuta mitetemo. Wao huanza na mitetemo, ambayo programu ya simu huweza kuionyesha, na hutafuta matundu. Chukua king'ora ambacho mota yake huzunguka mara 3,450 kwa dakika, sawa na mara 57.5 kwa sekunde. Rota ya matundu 10 itatoa mitetemo 575, na ya matundu 12 itatoa 690.

Ving'ora vingi hutoa sauti mbili kwa pamoja, kwa kuwa vina safu mbili za matundu kwenye mhimili mmoja. Ving'ora vingi vya Uingereza vya wakati wa vita vilikuwa na 10 upande mmoja na 12 upande mwingine. Mota ikipata umeme hafifu au ikiwa inazima, sauti zote mbili hushuka, lakini uwiano wao wa 5 kwa 6 haubadiliki kamwe, kwa sababu umetobolewa kwenye chuma. Ndiyo maana msikilizaji mzoefu huweza kutambua aina ya king'ora asichokiona, hata kikiwa kinakaribia kunyamaza. Alama nyingine ni sauti inayokua na kufifia kwa vipindi sawa: hapo pembe ya king'ora inageuka juu ya nguzo. Ving'ora vya kielektroniki, vinavyotumia spika, havina rota ya kuongeza wala kupoteza kasi, na mara nyingi mwanzo na mwisho wa mlio wake huwa wa ghafla mno.

Gololi ndani ya mtutu

Wanakemia wanamkumbuka Cagniard de la Tour kwa jambo jingine, nalo pia alilipata kwa sikio. Mwaka 1822 alichukua kipande cha mtutu mnene wa bunduki, akatia pombe kali na gololi ya jiwe la gumegume, akaziba pande zote na kuutia motoni. Wazo lilitokana na chungu cha Denis Papin, babu wa sufuria ya presha ya leo. Mtutu ulipoinamishwa, gololi ilisikika ikibingirika katika kimiminika. Joto lilipopita kiwango fulani mlio ulibadilika ghafla, kana kwamba ndani hakuna kimiminika tena, ingawa hakuna kilichotoka.

Alirudia kwa mirija ya kioo iliyozibwa ili aone kwa macho, kazi ya hatari kwa kuwa mirija hiyo ilipasuka. Alithibitisha kwamba kila kimiminika kati ya vile alivyopima kina halijoto ambayo juu yake hakiwezi kubaki kimiminika hata kikibanwa kwa nguvu gani. Kwa maji alipata nyuzi 362 za selsiasi. Kipimo cha kisasa ni nyuzi 374, na tofauti hiyo ni ndogo ukizingatia vifaa alivyokuwa navyo. Mwaka 1869 Thomas Andrews aliipa hali hiyo jina linalotumika sasa, nukta kritiki, na jina hilo likafunika la mgunduzi wa kwanza.

Hamira

Katika miaka ya 1830 aliichunguza kwa darubini hamira ya bia na kuona chembe zake zikichipua na kuongezeka. Mwaka 1837 alieleza kwamba hamira ni kiumbe hai, na kwamba kuishi kwake ndiko kunakogeuza sukari kuwa pombe. Wajerumani Theodor Schwann na Friedrich Kützing walifikia hitimisho hilo wakati uleule, kila mmoja kwa njia yake. Alichunguza pia athari ya baridi kali juu ya uhai wa hamira.

Justus von Liebig, aliyekuwa na sauti kubwa katika kemia ya wakati huo, alilipinga wazo hilo, na jarida lake lilichapisha makala ya kulidhihaki. Ilibidi kungoja kazi za Louis Pasteur, zilizoanza kutolewa mwaka 1857, ndipo likubalike. Kila chombo kinachochachusha zabibu za Dodoma kuwa mvinyo kinafuata elimu hiyo, na sifa yake kwa kawaida hupewa Pasteur peke yake.

Miaka ya mwisho

Alifanya pia majaribio juu ya jinsi koo la binadamu linavyotoa sauti. Mwaka 1851, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Sayansi ya Ufaransa. Alifariki mjini Paris tarehe 5 Julai 1859. Mnara wa Eiffel ulipojengwa miaka 30 baadaye, majina 72 ya wanasayansi na wahandisi wa Ufaransa yaliandikwa kuuzunguka, lake halimo.