Karl Benz: Mwana wa Dereva wa Garimoshi Aliyezaa Kabila

Huku Nyansiongo, katika eneo la Borabu linalopakana na Sotik, viambishi vya ngeli ya A-WA si suala la sarufi pekee. Kuitwa Mgusii au Mkipsigisi kumewahi kuamua nani alale kwake na nani akimbie usiku, kama ilivyoshuhudiwa mpakani hapa mwanzoni mwa mwaka 2008. Ndiyo maana kabila moja lililoundwa na Kiswahili chenyewe linastahili kutazamwa kwa makini na mwanafunzi yeyote wa lugha. Nalo ni kabila la Wabenzi. Kabila hili halina ardhi ya mababu, halina lugha ya mama wala jando. Wanachama wake hutoka katika makabila yote, na mtu huingizwa humo kwa ufunguo wa gari. Hata hivyo lina mtu lililemchukulia jina, na mtu huyo alizaliwa katika dhiki, akalelewa na mjane, akafilisika, akaokolewa na mkewe, kisha akafa pasipo kujua kwamba lugha ya mbali ingemfanya kuwa mhenga wa matajiri wa serikali. Mgala muue na haki mpe. Makala haya yanakusudia kumpa Karl Benz haki yake bila kuwanyang'anya Waswahili neno lao.

Karl Benz alizaliwa tarehe 25 Novemba 1844 huko Mühlburg, mahali ambapo leo ni sehemu ya mji wa Karlsruhe, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Mama yake, Josephine Vaillant, na baba yake, Johann Georg Benz, walikuwa hawajafunga ndoa siku hiyo, kwa hivyo mtoto aliandikishwa kwa jina la mama. Walipooana baadaye ndipo jina la Benz likamjia. Lau ndoa ile isingefungwa, huenda leo tungekuwa tunawasema Wavailanti! Baba mtu alikuwa dereva wa garimoshi, kazi iliyokuwa ngeni na ya kustaajabisha katika zama hizo. Mwaka 1846 aliugua nimonia akafariki, akamwacha mjane na mtoto mchanga. Josephine hakuwa na mali, ila alishikilia kwamba mwanawe lazima asome, na matumaini yake yalikuwa kwamba kijana angekuja kuwa ofisa wa serikali. Tamaa hiyo ya mama haikutimia kwa mwanawe. Jinsi ilivyokuja kutimia kwa njia ya mzaha katika bara jingine, tutaona hapo mbele.

Kijana aliingia katika chuo cha ufundi cha Karlsruhe mwaka 1860 akiwa na umri wa miaka 15, akahitimu mwaka 1864. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kutangatanga: alifanya kazi Karlsruhe, kisha Mannheim katika kiwanda cha mizani, kisha Pforzheim katika kampuni ya kujenga madaraja. Alikuwa mpenzi wa baiskeli, na inasemekana wazo la chombo cha kujiendesha chenyewe barabarani lilimwotea kichwani akiwa juu ya baiskeli hiyo. Mwaka 1871 alianzisha karakana yake Mannheim kwa ubia na August Ritter. Ubia huo uliingia mdudu mapema, kwani Ritter hakuwa mtu wa kutegemewa, na Benz hakuwa na fedha za kumnunua sehemu yake.

Hapa ndipo anapoingia Bertha Ringer, na kwa maoni yangu hapa ndipo historia halisi ya jina hili inapoanzia. Bertha alizaliwa Pforzheim tarehe 3 Mei 1849. Alikuwa mchumba wa Benz tu, hajaolewa, alipoamua fedha za mahari yake zitolewe mapema ili kumwondoa Ritter katika karakana. Msomaji wa Kigusii atashangaa kidogo, maana kwetu mahari hutoka kwa kina kijana kwenda kwa kina msichana, na zamani ilihesabiwa kwa ng'ombe. Huko Ujerumani mkondo ulikuwa kinyume: baba wa msichana ndiye aliyempa binti yake mali ya kwenda nayo kwa mume. Kwa hivyo mtaji uliookoa karakana ile ulikuwa mali ya mwanamke, naye aliutia katika biashara ambayo watu wenye akili timamu wangeikwepa. Wakafunga ndoa tarehe 20 Julai 1872, na kwa miaka mingi wakajaliwa watoto watano.

Haikuwa raha. Mwaka 1877 benki ilinasa mali ya karakana kwa ajili ya deni. Benz alijifungia kutengeneza injini ya gesi kwa matumaini kwamba ingewaletea riziki, na usiku wa kuamkia mwaka wa 1880, baada ya chakula cha jioni, yeye na Bertha walikwenda karakanani kuijaribu kwa mara nyingine. Ikanguruma. Kutoka hapo mambo yalianza kunyooka, ingawa kwa mwendo wa kobe: alijiunga na wabia wengine, akagombana nao, akajitoa, hadi tarehe 1 Oktoba 1883 ilipoundwa kampuni ya Benz & Cie kule Mannheim. Tarehe 29 Januari 1886 aliomba hataza ya gari la magurudumu matatu linaloendeshwa kwa injini ya gesi, nayo ikasajiliwa kwa nambari 37435. Injini ya gari hilo ilikuwa na ujazo wa sentimita 954, na nguvu zake hazikufikia hata za farasi mmoja. Mwezi wa Julai mwaka huohuo gari lilionekana hadharani katika barabara za Mannheim.

Lakini nani alinunue? Watu walilitazama kama kichekesho, farasi wakaliogopa, na Benz mwenyewe alikuwa fundi wa kupindukia: kila mara aliona kasoro ya kurekebisha kabla ya kulipeleka sokoni. Fundi wa namna hiyo tunamjua. Ni yule ambaye kiti chako hukaa kwake miezi sita kwa sababu mguu mmoja haujamridhisha.

Mwezi wa Agosti mwaka 1888 Bertha alichoka kungoja. Aliwachukua wanawe wawili wakubwa, Eugen na Richard, wakalitoa gari alfajiri bila kumwarifu mwenye nyumba, wakashika njia ya kwenda Pforzheim kwa mama yake Bertha. Ilikuwa safari ya zaidi ya kilomita mia moja katika barabara zilizochimbwa na magurudumu ya mikokoteni, na hakuna aliyekuwa amewahi kusafiri mbali hivyo kwa gari la injini. Mafuta yalipopungua, alisimama katika mji wa Wiesloch akanunua ligroini, kiowevu cha kuondolea madoa, katika duka la dawa. Duka hilo hujivunia hadi leo kwamba ndilo kituo cha kwanza cha mafuta duniani. Mrija wa mafuta ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Waya ulipochubuka, aliufunga kwa ukanda wa soksi. Kwenye milima vijana walishuka wakasukuma, wakawa matingo wa kwanza katika historia ya uchukuzi wa magari. Na yeyote aliyewahi kupanda vilima vya Gusii wakati wa masika atakubali kwamba kazi hiyo haijafutika. Kwenye miteremko tatizo liligeuka kuwa breki, kwani mbao zake zilikuwa zikilika. Bertha alimwendea fundi viatu akamtaka azivike ngozi. Walipofika Pforzheim jioni alimpelekea mumewe simu ya maandishi kumjulisha kwamba wamefika salama.

Wanahistoria wengi husimulia safari hii kama kisa cha kufurahisha, wakapita. Kufanya hivyo ni kumpunja. Bertha hakuwa abiria. Alikuwa mjaribu wa mashine. Alirudi Mannheim akiwa na ripoti kamili ya kiufundi: breki zihitaji ngozi, gari lihitaji gia nyingine ya kupandia milima. Benz aliongeza gia hiyo. Fauka ya hayo, watu waliokuwa wamelicheka gari hilo sasa walikuwa wameliona likipita vijijini mwao likiongozwa na mwanamke na watoto, na maneno yakaenea. Katika kumbukumbu za maisha yake alizochapisha mwaka 1925, Benz mwenyewe alikiri kwamba siku ambazo chombo chao kilikaribia kuzama, mkewe peke yake ndiye aliyebaki naye akatweka tanga la matumaini. Hata hivyo jina lililoandikwa kwenye hataza lilikuwa la mume pekee.

Miaka iliyobaki ya karne ile ilikuwa ya neema. Gari dogo lililoitwa Velo lilianza kuuzwa mwaka 1894, na kufikia mwaka 1899 kampuni ya Benz, iliyounda magari 572 mwaka huo, ilikuwa ndiyo kubwa zaidi ulimwenguni katika kazi hiyo. Neema haikudumu. Gottlieb Daimler, aliyekuwa akitengeneza injini na magari kivyake katika eneo la Stuttgart, alifariki mwaka 1900, na mwaka uliofuata kampuni yake ikatoa gari la kasi lililopewa jina la Mercedes, binti wa mfanyabiashara Emil Jellinek. Magari ya Benz yakaonekana ya kizamani. Wakurugenzi walipowaleta wabunifu wa Kifaransa ili kuyaokoa, mzee alikasirika, akaacha uongozi wa kila siku mwaka 1903, akabaki katika bodi tu. Alihamia Ladenburg na kuanzisha kampuni ndogo pamoja na wanawe. Ilikuwa dhiki ya uchumi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza iliyozilazimisha kampuni mbili zilizokuwa mahasimu kuungana mwezi wa Juni mwaka 1926, na jina la mtoto wa kike likaunganishwa na la fundi wa Mannheim: Mercedes-Benz.

Karl Benz alifariki nyumbani kwake Ladenburg tarehe 4 Aprili 1929, siku chache baada ya mamia ya magari kuandamana hadi hapo kumpa heshima. Bertha aliishi miaka 15 zaidi, akafariki tarehe 5 Mei 1944, siku mbili tu baada ya kutimiza miaka 95. Mwaka huo wa kifo chake viwanda vilivyobeba jina la familia vilikuwa vikiutumikia utawala wa Hitler, na karibu nusu ya waliofanya kazi humo walikuwa watu waliolazimishwa: mateka, wafungwa na raia waliotekwa katika nchi zilizovamiwa. Doa hilo haliwezi kuwekwa juu ya fundi aliyekwisha kufa. Ila tuseme kweli: jina lilikuwa limekwisha kuonja jasho la kulazimishwa kabla halijafika kwetu.

Afrika Mashariki lilikuja na sifa ya uimara. Katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita kwenye matope yaliyowashinda wengi, Mercedes ilishinda mara tatu mfululizo, 1959, 1960 na 1961, miaka miwili ya kwanza ikiendeshwa na Bill Fritschy. Kwa hivyo wakati bendera za uhuru zilipopandishwa, gari hili lilikuwa limekwisha kutambulika kama gari lisiloangushwa na njia. Mawaziri na makatibu wapya wakalirithi kama walivyorithi ofisi na nyumba za wakoloni. Ndipo, katika miaka ya 1960, watu wa kawaida wakalipa Kiswahili kazi yake.

Tazama ustadi wa tendo hilo kiisimu. Jina Benz laishia kwa konsonanti, nacho Kiswahili hakipendi silabi funge, kwa hivyo likaongezwa irabu: Benzi. Gari likawekwa katika ngeli ya vitu, mtu akaweza kusema benzi au mabenzi. Lakini mwenye gari hakuitwa mwenye benzi. Aliitwa Mbenzi, kama vile Mgusii. Badala ya kusema mtu ana gari, lugha ikasema mtu ndiye gari, na walio kama yeye ni ukoo wake. Kule Tanzania maneno kama kupe, bwanyenye na kabaila yalifanya kazi ya kushutumu, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 likawekea viongozi miiko ya mali. Kenya ilielekea kwingine: tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa mwaka 1971 iliwaruhusu watumishi wa umma kufanya biashara zao. Ofisa wa serikali ambaye Josephine Vaillant alimtamania mwanawe alikuwa sasa ndani ya benzi. Ngũgĩ wa Thiong'o aliuona mzaha huo mapema, akaupa hadithi moja katika mkusanyiko wake wa mwaka 1975 kichwa kinachounganisha Mercedes na mazishi.

Neno Wabenzi linatuambia jambo ambalo viambishi vingine vya kikabila huficha. Mkulima wa Nyansiongo anayebeba kikapu cha majani ya chai hadi kituo cha kupimia, na jirani yake wa Sotik anayekama ng'ombe alfajiri, wamefundishwa kutazamana kwa jicho la pembe kwa sababu ya silabi moja ya mwanzo. Wakati huohuo viongozi wa pande zote mbili wameketi pamoja katika ngeli isiyotajwa majukwaani. Sioni neno jingine katika Kiswahili lililolisema hili kwa ufupi namna hiyo, wala silioni kuwa tusi kwa fundi wa Mannheim.

Mwaka 2009 Uhuru Kenyatta, akiwa Waziri wa Fedha, alitangaza katika bajeti kwamba mawaziri wangeyarudisha magari makubwa na kutumia yenye injini isiyozidi ujazo wa sentimita 1800. Serikali ikanunua Volkswagen Passat. Mawaziri kadhaa walinung'unika. Hawakujua, labda, kwamba hata Volkswagen ilianzia kwenye meza ya Ferdinand Porsche, mhandisi aliyewahi kuajiriwa na Daimler-Benz, na kwamba injini waliyoidharau ilikuwa karibu mara mbili ya ile iliyompa jina mhenga wao. Passat hizo nazo hazikudumu barabarani. Yakaja magari marefu ya Kijapani. Pamoja na hayo sijasikia mtu akisema Waprado. Anayeshuka katika gari hilo, mlinzi akimfungulia mlango, bado ni Mbenzi.