Akseli Gallen-Kallela: Staa wa Ufini aliyeacha umaarufu nyuma akakuja kuchora Kenya

Kama umewahi kuwa Muhuru Bay kule Migori, ama Mbita upande wa Homa Bay, unajua shoo ya saa kumi na mbili jioni. Jua linashuka Nam Lolwe, maji yanakuwa rangi ya machungwa, halafu zambarau, na kabla utoe simu mfukoni giza ishaingia. Sasa jaribu kushika hiyo kitu na brashi na rangi ya mafuta, ukiwa umesimama nje, mbu wanakukula. Si mchezo. Kuna msee alifunga safari kutoka Ulaya kukuja kupigana na mwanga kama huo hapa Kenya mwaka wa 1909, na ni vizuri ujue stori yake.

Anaitwa Akseli Gallen-Kallela. Alizaliwa tarehe 26 Aprili 1865 mji wa Pori, Ufini, na jina alilopewa na wazazi ni Axel Gallén. Ufini ya wakati huo ilikuwa chini ya Urusi, na watu wake walikuwa wanatafuta kitu cha kuwaambia wao ni nani. Akseli akaenda Paris mwaka wa 1884 kusomea uchoraji, akaiva. Akaanza kuchora hadithi za Kalevala, zile nyimbo za kale za Wafini kuhusu mashujaa na wachawi. Fikiria mtu akichukua stori za Luanda Magere, Gor Mahia na Simbi Nyaima, azichore vizuri mpaka kila mtoi akitaja hizo stori anaona picha zake kichwani. Hivyo ndivyo alifanyia watu wake. Mwaka wa 1907 akabadilisha hata jina, akaacha lile la Kiswidi akachukua lenye ladha ya Kifini.

Lakini usidhani maisha yalikuwa raha tu. Mwaka wa 1895 alikuwa Berlin, ana maonyesho pamoja na Edvard Munch wa Norwe, wakati habari zilimfikia kwamba binti yake mdogo Marjatta amekufa na ugonjwa wa dondakoo. Hakuwa hata karibu. Baada ya hapo kazi yake ikageuka: mistari ikawa migumu, kifo kikaingia kwa picha. Miaka michache baadaye mfanyabiashara mmoja wa Pori, ambaye pia alikuwa amempoteza binti wa miaka 11, alimpa kazi ya kuchora ukutani ndani ya kaburi la huyo mtoto. Mzazi mmoja aliyefiwa anamchorea mwingine. Alimaliza hiyo kazi mwaka wa 1903.

Sasa cheki. Mwaka wa 1909 jamaa ana miaka 44. Kwao ni staa, hakuna wa kumuuliza kitu. Alikuwa ameenda Paris tena akitafuta upepo mpya, lakini mambo ya huko hayakumbamba. Basi akachukua mke wake Mary, mtoto wao Kirsti na Jorma, wakakuja Nairobi. Hiyo Nairobi haikuwa hii unajua. Reli ilikuwa imefika hapo miaka kumi tu iliyopita, na nchi yenyewe haikuwa inaitwa Kenya bado.

Hapa ndipo kazi ilimgeukia. Kule kwao, jioni ya kiangazi mwanga unakaa masaa na masaa. Unaweza kaa chini, upange rangi polepole, uchore ziwa lote bila presha. Mwaka wa 1905 alikuwa amechora Ziwa Keitele namna hiyo: maji yametulia, fedha na bluu, kila kitu mahali pake. Huku karibu na ikweta mambo ni tofauti. Saa sita mchana kivuli kinajificha chini ya miguu yako, milima inakaa bapa kama karatasi. Jioni nayo, jua likishaingia, una dakika kama 20 hivi kabla usiku ufunge duka.

Na rangi ya mafuta haikungoji. Uzuri wake ni kwamba tangu 1841, Mmarekani John Goffe Rand alipobuni tyubu ya bati ya kubebea rangi, mchoraji anaweza tia kila kitu kwa begi atoke nje. Ubaya ni kwamba haikauki haraka. Ukipaka rangi juu ya nyingine ikiwa bado mbichi na mkono wako una wasiwasi, zinachanganyika zinakuwa matope. Vumbi na wadudu nao wanajipachika hapo. Kwa hivyo ukiwa nje lazima uamue: rangi gani, wapi, mara moja, na usirudi rudi.

Akseli akaamua. Ile mistari ya uangalifu iliyompa jina akaiweka kando, akaanza kupaka rangi kali, nzito, kwa haraka: machungwa, kijani, zambarau kwa vivuli. Alichora mbuga, alichora Mlima Kenya, alichora watu. Kwa muda usiofika miaka miwili alikuwa na picha za mafuta zaidi ya 150. Piga hesabu uone. Mtu aliyekuwa tayari bingwa alikubali kuwa mwanafunzi tena, juu ya mwanga ambao wewe unaupata bure kila siku.

Lakini tusimfanye malaika. Alikuja kama mzungu wa enzi hizo, wakati ardhi ya watu ilikuwa inagawiwa walowezi. Alikuwa na bunduki pamoja na brashi, aliwinda wanyama, na alinunua vitu vya kitamaduni vya huku akavipeleka kwao. Picha nazo zilienda na yeye.

Alirudi Ufini, na kati ya 1911 na 1913 akajenga nyumba na studio mahali panaitwa Tarvaspää, karibu na Helsinki. Mwaka wa 1918 alipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe pamoja na Jorma, na baadaye akabuni sare na nishani za taifa jipya. Miaka ya 1923 mpaka 1926 alikuwa Marekani. Mwaka wa 1928 alichora Kalevala kwenye dari la ukumbi wa Makumbusho ya Taifa kule Helsinki. Tarehe 7 Machi 1931 nimonia ilimmalizia Stockholm, akiwa njiani kutoka Copenhagen alikoenda kutoa mhadhara. Ile nyumba ya Tarvaspää ni makumbusho tangu 1961.

Na hapo ndipo stori inakuhusu wewe msee wa Migori, wewe dada wa Homa Bay. Kuchora huku hakukuletwa na meli. Panda Kisiwa cha Mfangano, utakuta miamba ya Kwitone na Mawanga ina miduara nyekundu na nyeupe iliyochorwa na Watwa kabla hata babu za babu zetu wafike hapo. Mfini alikuta mahali pana wachoraji tayari. Alichowazidi ni kwamba kazi yake ilibebwa, ikatunzwa, ikajengewa nyumba.

Got Asego bado iko hapo juu ya mji. Ruma bado iko. Jioni ya leo, kabla upige picha ya kuposti, kaa dakika 20 uangalie kivuli cha kilima. Utaona si cheusi. Ukishajua ni rangi gani, ushaanza kazi iliyomtoa Akseli kwao.